Chupa ya Pili

Mzigo wangu wa kwanza wa asali uliisha kwa siku nne, nikajiona mfanyabiashara kamili. Shangazi alichukua chupa tatu. Wenzangu kazini wakachukua, majirani wakachukua, hata jamaa mmoja ninayejua fika kwamba hali asali. Mzigo wa pili ulikaa chini ya kitanda miezi mitatu.

Ilinichukua muda kukubali kwamba wale wa kwanza walikuwa wananiunga mkono tu. Mtu akishaweka chupa yako kabatini, kwake amemaliza. Nikachukua daftari, nikaupiga ukurasa mstari katikati: kushoto aliyenunua, kulia aliyerudi bila kukumbushwa. Kulia kulikuwa na majina mawili.

Nikawaendea ambao hawakurudi. Wengi waliniambia “bado ipo”, ambalo ni jibu la adabu na halikusaidii kitu. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyenihurumia. Alifungua kabati akaniwekea chupa yangu mezani: chini imeganda, nyeupe, juu imekuwa majimaji. “Mwanangu, sikutaka kukuaibisha,” akasema. “Lakini umetia sukari.”

Sikuwa nimetia chochote. Asali safi huganda. Ni glukosi, sukari ya asali yenyewe, inayojitenga na kuwa chembechembe, na kasi yake hutegemea sana maua waliyotembelea nyuki. Ila yeye angejuaje? Lebo yangu ilikuwa na picha ya nyuki na neno “ASILI” kwa herufi kubwa, basi. Kila mtu huandika asili, hata anayetia sukari.

Lebo mpya ikasema: “Ikiganda haijaharibika. Iweke kwenye maji ya vuguvugu, usiichemshe.” Nikaongeza kwamba asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kubeba vimelea vya botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu, ambavyo tumbo la mtoto mchanga bado haliwezi kuvimudu. Rafiki yangu akanicheka: nani anaandika ubaya wa bidhaa yake? Wanaonyonyesha ndio waliokuja kuniuliza maswali, na maswali yao yakaishia kwenye kununua kwa ajili ya wakubwa wa nyumba.

Yale majimaji ya juu, hata hivyo, yalikuwa kosa langu kweli. Nilikuwa napokea asali kwa warinaji kadhaa, na wengine walikuwa wakikata masega kabla nyuki hawajayaziba kwa nta. Asali changa ina maji mengi, na maji yakizidi huchacha. Kiwango cha Codex Alimentarius, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, kinataka asali ya kawaida isizidi asilimia 20 ya maji. Nikanunua refraktomita, kidude cha mkononi mfano wa darubini ndogo: unadondosha tone, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma pale kivuli kinapokatika. Ndoo ya kwanza niliyopima mbele ya mwenyewe ilisoma 23. Akaguna, akasema kifaa changu kibovu. Tukapima ndoo yake nyingine: 18. Akanyamaza, kisha akacheka peke yake. Ile ya 18 nilimlipa juu ya bei tuliyozoea, ya 23 nikamrudishia. Msimu uliofuata hakuniletea changa tena, na sikuwa nimemhubiria lolote.

Halafu kuna suala la uzito, ambalo mpaka leo naona haya kulisimulia. Nilinunua chupa za nusu lita, nikaandika “gramu 500”. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4. Piga hesabu: kila chupa ilibeba takriban gramu 700, mimi nalipwa 500. Aliyegundua ni muuza duka, alipoiweka kwenye mizani yake. Nilidhani atafurahia. Akanitazama akauliza, “Kama uzito huujui, kilichomo ndani unakijua?”

Duka kubwa nililolinyemelea mwaka mzima hatimaye likakubali kunipokea. Wakasema wanataka faida ya asilimia 25, nami nikaitikia upesi, nikidhani wataongeza 25 juu ya 100 yangu, iuzwe 125. Kumbe wao huhesabu kutoka bei ya rafuni. Robo ya 125 ni zaidi ya 31, kwa hiyo mimi ningebaki na chini ya 94. Ili nipate 100 yangu, ilipaswa kuuzwa karibu 133. Na malipo ni baada ya siku 60, wakati warinaji wangu wanataka taslimu siku hiyo hiyo. Nikawashukuru, nikaondoka. Sijutii, ingawa shangazi anasema nilikuwa na kiburi.

Nikabaki na maduka madogo matatu, kwa mali kauli. Kila wiki napita, nahesabu zilizotoka, nachukua changu. Huwa natembea na kitambaa, kwa sababu chupa ya asali ina tabia ya kuvuja kidogo mfunikoni, vumbi likanata, na hakuna atakayeigusa ikiwa hivyo. Kila duka nimeliachia chupa moja ya kuonja, na vijiti. Nyingine haimalizi wiki. Mwenye duka mmoja namshuku kwamba ndiye anayeonja zaidi.

Daftari bado ninalo. Upande wa kulia umejaa hadi nimeanza ukurasa mwingine, na yule mama wa kabatini yuko juu kabisa. Siku hizi huchukua mbili mbili, na ananiomba zilizoganda, eti zinapakika vizuri kwenye mkate. Shangazi bado yuko upande wa kushoto.