Kujaza seli tupu za Excel bila kukokota

Orodha nyingi za kodi ya nyumba huandika mtaa mara moja tu, na seli za chini yake zinaachwa tupu. Ukichuja kwa mtaa, wapangaji wengi wanapotea.

Usikokote kona ya seli. Excel ikiona namba mwishoni huendelea kuhesabu: Umoja 1 inazaa Umoja 2, Umoja 3, mpaka Umoja 47 ambayo Nairobi haina. Kwa seli chache, zichague pamoja na yenye jina, bonyeza Ctrl+D.

Kwa orodha ndefu, chagua safu ya mitaa kuanzia jina la mtaa wa kwanza hadi mstari wa mpangaji wa mwisho. Bonyeza Ctrl+G, Special, Blanks, OK. Bila kugusa kipanya, andika =, bonyeza mshale wa juu mara moja, kisha Ctrl+Enter. Enter pekee hujaza seli moja tu.

Hizo bado ni fomula. Ukipanga orodha upya sasa, wapangaji watahamishwa mitaa bila notisi. Nakili safu hiyo, ibandike papo hapo kama Values.

Seli ikikataa kujaa, huenda mtu aliacha nafasi ndani. Kwa Excel hiyo si tupu. Ifute kwa Delete, urudie.