Aprili ni ya matembele

Mvua ya juzi ilianza saa nane usiku, ikakatika karibu na adhana ya alfajiri. Nilipofungua mlango wa uani na tochi mkononi niliokota konokono 17, wale wakubwa wa gamba la kahawia, wengi wao wamejibandika kwenye viroba vya matembele. Nawaokota kabla hakujapambazuka, maana jua likishachomoza wanajichimbia chini ya matofali na siwaoni tena mpaka giza liingie. Ndiyo Aprili ya hapa Mbagala.

Mimi mzaliwa wa Lushoto. Nimekua nikimsaidia bibi kupalilia karoti na kabichi kule mlimani, na nilipohamia Dar miaka 9 iliyopita nilikuja na kanuni yake kichwani: mvua ikigusa ardhi, mbegu nazo ziingie. Kwa hiyo masika yangu ya kwanza hapa nilipanda miche 30 ya nyanya. Wiki ya sita majani ya chini yakaota madoa ya kahawia, madoa yakapanda juu, mashina yakawa meusi. Ugonjwa wa bakajani. Nilivuna nyanya 4, zote zimepasuka.

Nikasema basi, nisubiri jua. Januari iliyofuata nikapanda tena, nikamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kununua, dumu la lita 20 baada ya dumu. Miche ilinona, ikatoa maua mpaka majirani wakawa wanapita kuyatazama. Kisha maua yakapukutika yote, hakuna lililoshika tunda. Nililia, na sikuwa nalilia nyanya peke yake. Nilikuwa nalilia yale madumu.

Aliyenifungua macho ni kijana wa duka la pembejeo Kariakoo. Nilimpelekea mche mmoja na mizizi yake ndani ya mfuko. Akaniambia, "Mama, nyanya inataka usiku wenye ubaridi. Januari hapa usiku ni joto tupu, chavua inakufa, ua linaanguka. Subiri kipupwe." Halafu akaninyooshea mizizi: ilikuwa na vifundo kama shanga. Minyoo fundo, na kichanga chetu cha Mbagala ndicho makazi wanayoyapenda. Akanipa mbegu ya Tengeru 97, iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, ambayo inawavumilia hao minyoo.

Tangu siku hiyo nimeiacha kanuni ya bibi, naye nimemweleza kwa simu, akaridhika. Mbegu za nyanya nazisia mwishoni mwa Aprili, upenuni, zisipigwe na mvua. Mwanzoni mwa Juni, kusi ikishaanza kuvuma na mawingu kupungua, nahamishia kwenye shimo lenye samadi iliyooza vizuri. Nasisitiza iliyooza, kwa sababu mwaka juzi niliuziwa magunia mawili ya mbolea ya kuku nikiambiwa ni ya zamani, kumbe mbichi, ikaniunguzia miche yote ya bilinganya kwa siku tatu. Siku hizi nafungua gunia na kutia mkono ndani kwanza. Likiwa na joto, silipokei. Nyanya za kwanza nachuma Agosti.

Masika yenyewe nimeyaachia matembele. Unakata tu kipande cha shina, chenye urefu wa kiganja na nusu, unakichomeka kwenye udongo uliolowa, na baada ya wiki chache unachuma. Mchicha ndio unanitesa msimu huu. Mbegu zake ni ndogo mno, mvua moja kubwa inazisomba zote. Mwaka jana nilizikuta zimeota mstari mzima kando ya mfereji wa barabarani, mchicha mzuri kuliko wote niliowahi kupanda, na siwezi kuula kwa sababu ya maji yanayopita pale. Kila nikienda dukani nauangalia, roho inauma.

Lakini mboga ya juzi! Nilichuma matembele yakiwa bado yana matone, nikayachambua na binti yangu barazani, nikayaunga kwa tui la nazi moja na nyanya chungu tano za kwenye ndoo ya rangi. Kwa ugali na dagaa wa kukaanga. Mume wangu, ambaye husema mboga ya majani ni ya wagonjwa, aliomba sahani ya pili.

Trei ya Tengeru 97 nimeisia Jumapili iliyopita. Jana jioni ilikuwa imeota miche 22. Binti yangu amechomeka kijiti mbele ya kila mmoja, na usiku tunaiingiza ndani, juu ya meza ya chakula, kwa ajili ya konokono.