Majina ya maua yanapohama

Kitaluni kwangu hapa Moshi bado natumia kitabu cha maua, tena kina madoa ya udongo kila ukurasa. Simu juani huoni kitu. Ila kwenye majina kitabu kinaniangusha: lile ua la Usambara kinaliita Saintpaulia, wakati tangu 2015 wataalamu wamelihamishia jenasi (kundi la mimea ya karibu) ya Streptocarpus. Mtandaoni jina hubadilishwa bila kuchapa upya. Vitabu huchukua muda: Flora of Tropical East Africa, mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, ilianza kutoka 1952 ikakamilika 2012, hebu fikiria! Miaka 60. Mimi ningependa matunzo na picha zibaki kwenye karatasi, majina yakae mtandaoni. Wateja wangu lakini wanalijua la zamani tu, basi kibaoni naandika yote mawili.