Bahasha Namba 31

Nimekulia Basotu, Hanang, pembeni ya yale mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada. Kwa hiyo nilipopata ufadhili wa kwenda kusoma Uturuki nilijiona naijua ngano. Juni ya kwanza tulipopelekwa porini chini ya mlima Karacadağ, kati ya Diyarbakır na Şanlıurfa, nikagundua ndugu zake siwajui hata kwa sura. Nyasi niliyotumwa kuikusanya, Aegilops speltoides, ilikuwa imejiotea tu kandokando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Ningekuwa peke yangu ningeikanyaga nikapita.

Kilichoniteka ni masuke. Yapo ya namna mbili, yamechanganyika palepale. Moja ukilishika tu linakupukutikia mkononi vipande vipande, kila kipande na mbegu zake. Jingine linakatika chini na kuanguka zima kama kijiti, ndevu zikiwa kileleni peke yake. Zamani wataalamu waliziita spishi mbili. Kumbe nyasi ni ileile, kinachozitenga ni kifungu kidogo cha jeni zinazorithiwa pamoja. Inapatikana kuanzia huko Uturuki, inashuka Syria na Lebanoni hadi pwani ya Israel, na mashariki inaingia kaskazini mwa Iraq. Nasi inatugusa: jeni Sr39, mojawapo ya zinazohimili Ug99, ule ugonjwa wa ngano, kutu ya shina, ulioonekana Uganda mwaka 1998, ilitolewa kwenye nyasi hii.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kromosomu, vile vijiti vya ndani ya seli vinavyobeba jeni. Ngano ya mkate ina 42, hii nyasi ina 14. Lakini baadhi ya miche hubeba nyingine ndogo za ziada, zinazoitwa kromosomu B, na mmea huishi vizuri tu bila hizo. Nilitakiwa kuonyesha ni wapi katika maeneo tuliyokusanya zipo na wapi hazipo.

Desemba nzima niliotesha mbegu kwenye karatasi mbichi. Mizizi ikifika sentimita moja hivi, nakata ncha, nazilaza kwenye maji ya barafu usiku kucha, kisha kwenye spiriti iliyochanganywa na asidi ya siki. Baada ya hapo rangi, kioo juu ya kioo, na kubonyeza kwa kidole gumba. Ukiteleza kidogo seli zinavurugika na siku imekwenda. Fundi wa maabara, mama mmoja ambaye wote tulimwita Abla, yaani dada, alinifundisha kuweka karatasi ya chujio juu ya kioo kwanza ndipo nibonyeze. Kidole changu kilikaa na rangi nyekundu mwezi mzima.

Kumi na nne. Kumi na nne. Kila hadubini nikiinamia, kumi na nne. Miche nikaihamishia kwenye vyungu, kila kimoja na namba ya bahasha iliyotoka mbegu yake, nami nikaandika ripoti yenye sentensi niliyoipenda mno: hakuna kromosomu B katika maeneo yetu yote.

Februari nikaiwasilisha. Mwalimu wangu, Hocam kwa Kituruki, alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Umehesabu wapi?"

"Seli 260, Hocam."

"Sikukuuliza ngapi. Nimekuuliza wapi."

"Kwenye mizizi."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mwalimu hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alisema tu kwamba katika nyasi hii kromosomu B hazikai kwenye mizizi, jambo lililokwisha kuandikwa tangu mwaka 1972, akamwita anayefuata.

Ndivyo ilivyo. Mche ukiwa bado kiini ndani ya mbegu, seli za mzizi zinapogawanyika kromosomu B zinaachwa nyuma na kupotea, wakati shina, majani na masuke vinabaki nazo. Watafiti wa Gatersleben, Ujerumani, walikuja kueleza kwa kina namna zinavyoondolewa mwaka 2020. Mimi sikuwa na haja ya kusubiri hiyo 2020, ningesoma tu kurasa chache za miaka arobaini nyuma. Abla alinimiminia chai kwenye kile kikombe chao chembamba, akaniambia wa kabla yangu naye alihesabu mizizi. Sijui kama ni kweli au alinihurumia.

Aprili vyungu vilishika mimba, suke likiwa bado limefungwa ndani ya jani. Wakati ni huo. Ukichelewa siku mbili chavua imeshakomaa na huoni kitu. Nilipasua jani la mche namba 31 kwa sindano, nikatoa chavulio, yaani kifuko cha chavua, kijani kibichi, kidogo kuliko punje ya mchele, nikalisaga kwenye tone la rangi.

Jozi saba zilikuwa zimejipanga katikati ya seli, kama inavyopaswa. Pembeni yake, vimetengana na msafara, vilikuwepo vitatu vidogo. Nikasogeza kioo kwenye seli nyingine. Vitatu. Nyingine tena. Vitatu.

Nilimwita Abla aone. Alifunga jicho moja, akahesabu kwa Kikurdi chini ya pumzi, akanipa kalamu. Nikatoa ile bahasha kwenye droo, nikakata 14 niliyoiandika Desemba, nikaandika 14+3.