Bwana akishikwa na homa

Jai Jagannath wapendwa. Wiki hii nimekesha na baba yangu, homa ilimkamata haswa, usiku jasho linamtiririka mi namfuta na kitambaa huku naomba, na mawazo yakawa yananipeleka Puri, kule Odisha, India, kwenye lile hekalu la Kihindu la karne ya 12, maana pale hata Bwana Jagannath mwenyewe, mungu wetu, huwa anaugua.

Wengi tunaijua Rath Yatra tu, sikukuu ya yale magari matatu makubwa ya mbao yanayovutwa na kamba. Ila kabla yake kuna Snana Purnima, sikukuu ya kuogeshwa, mwezi mpevu wa Jyeshtha kwenye kalenda ya Kihindu, Bwana Jagannath na kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, katika sanamu zao, wanatolewa nje wanaogeshwa kwa vyungu 108 vya maji ya kisima mbele ya watu wote, na kwa maji yote yale Bwana anashikwa na homa. Milango inafungwa siku 15, hakuna darshani, yaani kwenda kumwona Bwana. Chakula cha kupikwa hapewi, ni matunda na mitishamba, anapakwa mafuta ya dawa, na wanaomuuguza ni Daitapati, ukoo wa wahudumu wa hekalu ambao wazee wanasimulia asili yake ni Vishvavasu, mkuu wa Wasabara, kabila la msituni, aliyekuwa akimwabudu Bwana kabla mfalme hajamjua. Yaani akiugua anauguzwa na jamaa zake wa msituni. Hapo mi huwa nanyamaza kabisa.

Maana sala zetu nyingi ni nipe, niponye, nifungulie njia, na Puri kuna watu kazi yao ni kumkanda Bwana mgonjwa, wala hawamwombi kitu wakati ule, wanataka apate nafuu tu.

Na akipona hakai ndani! Anatoka kwenye barabara kuu, kama kilomita 3 hivi mpaka hekalu la Gundicha, ili hata asiyeruhusiwa kuingia hekaluni amwone. Mfalme wa Puri anafagia magari kwa fagio la dhahabu, maji ya liwa yananyunyizwa, na njiani gari la Bwana linasimama karibu na kaburi la Salabega, mtoto wa baba Mwislamu aliyemtungia Bwana bhajani tamu, yaani nyimbo za ibada, lakini mlango wa hekalu hakuruhusiwa kuuvuka.

Leo asubuhi baba kaomba chungwa. Nimelimenya, kipande cha kwanza nikakiweka mbele ya picha ya Bwana, vilivyobaki nikamlisha kimoja kimoja.