Mikono ya Alonzo

Somo la wiki: 1 Wakorintho 13:1–7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii mnivumilie, maana nimetoka kutazama filamu iliyozaliwa kabla ya mama yangu, na tangu Jumanne haijaniachia usingizi. Inaitwa The Unknown, yaani Asiyejulikana. Ni filamu bubu ya mwaka 1927, kazi ya Mmarekani Tod Browning, ambaye ujanani alitoroka kwao akafuatana na watu wa sarakasi. Kwa hiyo maisha yale aliyajua. Ni nzito. Msiwawekee watoto.

Kisa kiko Hispania, mjini Madrid. Alonzo ni mwanasarakasi asiye na mikono, hurusha visu kwa miguu, na anayesimama mbele ya visu hivyo ni Nanon, binti wa mwenye sarakasi. Siri ni kwamba mikono anayo. Huibana kifuani kwa mkanda mgumu chini ya nguo, kwa kuwa ni mhalifu, na mkono wake mmoja una vidole gumba viwili, alama ambayo polisi wasingekosa kuitambua. Anayejua ukweli ni Cojo tu, msaidizi wake.

Nanon naye hawezi kuvumilia mikono ya wanaume. Maisha yake yote wamekuwa wakimshikashika bila ridhaa yake. (Hapa niseme jambo moja tu: dada wa namna hii akija kwetu, huwa tunamwambia “samehe, mwachie Mungu” kabla hajamaliza kusimulia. Tusikimbilie hapo.) Malabar, mtu wa miraba minne, anampenda kweli, lakini kila akinyoosha mkono, Nanon anamkimbia. Anamkimbilia Alonzo, mwanaume pekee ambaye Nanon hamwogopi. Alonzo kwa hila yake anamshauri Malabar amkumbatie tu, asisite. Mshauri wa namna hiyo sote tumewahi kuwa naye, na wengine tumewahi kuwa yeye.

Baba wa Nanon anaigundua siri, na Alonzo anamnyonga. Nanon anaona kwa dirishani vidole gumba viwili vya muuaji. Sura haioni.

Sasa kuna mahali ambapo Alonzo ameketi na Cojo, mikono yake imefunguliwa, iko huru kabisa, lakini anavuta sigara kwa miguu. Amezoea uongo hadi amesahau kwamba ana mikono. Cojo anacheka. Alonzo anajitazama, na usoni mwake unaliona wazo likiingia. Mwigizaji ni Lon Chaney, ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi. Labda ndiyo sababu uso wake unasema kuliko vinywa vya wengi. Wazo lenyewe ni hili: akimwoa Nanon, siku moja ataiona ile mikono. Basi iondoke. Anakwenda kwa daktari ambaye anazijua siri zake chafu, anamtisha, na mikono yote miwili inakatwa.

Bwana wetu alisema mkono ukikukosesha, ukate. Nimeutafakari mstari huo sana wiki hii. Alonzo aliikata mikono iliyoua, lakini hakutubu hata kidogo. Aliondoa ushahidi, dhambi akabaki nayo.

Anaporudi, Nanon anampokea kwa furaha na kumpa habari njema: hofu imemtoka. Malabar alikuwa na subira, na sasa anaipenda mikono yake; wataoana. Anamwambia Alonzo kama anavyomwambia rafiki. Alonzo anacheka, anacheka zaidi, kicheko kinageuka kilio, na wale wawili wanacheka naye kwa sababu hawajui.

Mimi nilisimamisha filamu hapo nikaenda kunywa maji.

Miaka kadhaa iliyopita nilimlipia mtoto wa dada yangu ada hadi akamaliza chuo. Nilijinyima kweli. Alipotuletea mchumba ambaye sikumtaka, nilimwita sebuleni nikaanza: “Baada ya yote niliyokufanyia…” Kiswahili kina neno lake, masimango. Kijana hakujibu. Alisema “Shikamoo, mjomba,” akatoka, na shikamoo ya kuagia mnajua maana yake. Paulo anasema upendo hauhesabu mabaya. Mimi nilikuwa nahesabu mema yangu, shilingi kwa shilingi, nikiyaita upendo.

Kwa sababu Nanon hakumwomba Alonzo mikono yake. Hakuna aliyemwomba. Alitoa viungo vya mwili wake, kitu ambacho wengi wetu hatutakitoa kamwe, naye Paulo amekwisha kulisema hilo katika mstari wa tatu: hata mwili wangu nikiutoa, kama sina upendo, hainifaidii kitu. Zamani nilidhani mtume anatia chumvi.

Mwisho wa filamu, Malabar anaonyesha mchezo mpya. Farasi wawili wamefungwa kwenye mikono yake, kila mmoja anakimbilia upande wake, ila wanakimbia juu ya mikanda inayozunguka, kwa hiyo hawasogei. Alonzo anausimamisha mkanda ili mikono ya mwenzake ing’oke. Aliyoyapoteza, na mwingine ayapoteze. Watu wanapiga kelele, farasi wanavuta, na Nanon anakimbia katikati kumtuliza farasi, aliye karibu kumkanyaga.

Alonzo anaruka na kumsukuma pembeni. Kwato zinamwangukia yeye.

Nimeirudia sehemu hiyo mara tatu. Hakuwa na muda wa kupiga hesabu, na hakuwa na mikono ya kumshikilia. Alimsukuma kwa mwili tu, akamwachia.

Namba ya yule kijana bado ninayo. Mniombee, nimpigie kabla ya Jumapili.