Nilivyofungua bolti za shokapu zilizoshikwa na kutu

Kubadilisha shokapu za nyuma ni kazi nyepesi bolti zikikubali. Kwa gari langu, juu kuna nati moja, chini kuna bolti inayopita kwenye bushi, ile raba yenye bomba dogo la chuma ndani, basi. Lakini gari hili limezunguka miaka mingi kati ya Kisumu, Ahero na Muhoroni, na anayeijua nyanda ya Kano wakati wa masika analijua lile tope jeusi. Likishapanda chini ya gari linanata kwenye ekseli, linakauka juu huku ndani likibaki na unyevu, na chuma kinaendelea kuliwa hata gari likiwa limeegeshwa. Nilipolala chini na tochi nikaziona nati za chini zimevimba kutu hadi pembe zake hazionekani vizuri, nilijua kazi yote iko hapo.

Kabla ya kushika spana niliamua ni nini kitaharibika na ni nini lazima kipone. Shokapu kuukuu, bolti zake na nati zake zilikuwa zinakwenda kutupwa, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuzionea huruma. Breketi, yaani kishikio cha shokapu kilichochomelewa kwenye ekseli, ndiyo isiyotakiwa kupinda wala kupasuka, pamoja na paipu ya breki inayopita karibu nayo. Ndiyo maana nilinunua bolti na nati mpya mapema, zenye alama ya ugumu ya 10.9 kichwani, si zile laini za kufungia mageti. Ukiwa na bolti mpya mfukoni unaamua mambo kwa utulivu. (Angalia pia kama gari lako nati ya chini imechomelewa kwenye breketi yenyewe. Hapo bolti ikikatikia ndani, shida ni kubwa kuliko hii yangu.)

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo sababu inakaza. Inajaza ule upenyo mdogo kati ya nati na bolti mpaka viwili vinakuwa kitu kimoja. Nguvu peke yake haiitoi, inabidi kwanza mafuta yapate njia. Nilisugua kwa brashi ya waya hadi thredi zinazojitokeza zikaonekana, kisha kila jioni nikawa napaka mchanganyiko wanaoutumia mafundi wengi: mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Vitu hivi viwili hutengana, kwa hiyo tikisa chupa kila mara kabla ya kupaka, na usisogeze moto karibu kwa sababu asetoni inawaka upesi mno. Siku hizo zote niliendelea kuendesha gari kama kawaida. Mtikisiko wa barabara husaidia mafuta kupenya.

Siku ya kazi yenyewe jirani yangu, fundi wa jua kali wa miaka mingi, alipita akanikuta nimeshaingiza soketi. Akaniambia kwa kuniita ndugu kwa Kijaluo, “Omera, usiivute bado. Igonge kwanza.” Alikuwa sahihi kabisa. Mapigo makavu ya nyundo kwenye kichwa cha bolti na ubavuni mwa nati huvunja ile kutu iliyoshikana, kazi ambayo kuvuta taratibu hakuiwezi. Niligonga, nikapaka mafuta tena, nikagonga.

Gari lilikuwa limekaa juu ya stendi, matairi ya mbele yamezuiwa kwa mawe, na jeki imeegemeza ekseli. Hili la ekseli wengi hulipuuza. Katika magari mengi shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke sana, hivyo ukiitoa bila kuegemeza, uzito wote unaweza kuning'inia kwenye paipu ya breki. Na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Nilitumia soketi ya milimita 17 yenye pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inashika ncha tu na kuila nati iliyokwisha kuliwa. Kwenye mpini wa sentimita 25 nilichomeka bomba la chuma hadi ukafika kama sentimita 75, yaani nguvu ileile ya mkono inazaa mara tatu. Nilianza kwa kuikaza nati kidogo, kisha nikairudisha. Hapo sikiliza kwa mkono. Nati ikiachia hutoa mlio mkali wa ghafla, halafu inaenda kwa hatua fupi. Lakini ukihisi inalegea kwa ulaini, kama mpira unaosokotwa, simama: hiyo ni bolti inajipinda na iko karibu kukatika. Rudisha, paka mafuta, songa mbele na nyuma robo kwa robo.

Upande wa kulia ulitoka hivyo. Wa kushoto nati ilitoka, ila bolti ilikuwa imegandamana na bomba dogo la chuma lililo ndani ya bushi. Fundi alitaja moto wa gesi, nikakataa. Raba ya bushi ingewaka, na ndani ya shokapu mna mafuta, mara nyingi pamoja na gesi iliyoshindiliwa. Grainda nayo ingerusha cheche karibu na tangi la petroli. Nilichukua jino la msumeno wa chuma, nikalifunga kitambaa upande wa kushika, nikakata bolti kati ya bushi na breketi, pande zote mbili. Ni kazi ya jasho, lakini breketi ilibaki salama bila mkwaruzo wa maana.

Nati ya juu ilikuwa inazunguka pamoja na fimbo ya shokapu. Niliibana fimbo kwa koleo la kujifunga. Kwa shokapu kuukuu ni sawa, ila kwa mpya usithubutu, maana mkwaruzo mmoja kwenye fimbo utakata sili na mafuta yatavuja.

Wakati wa kurudisha nilisafisha matundu, nikapaka grisi kwenye shina laini la bolti, pale linapopita ndani ya bushi. Bolti za chini nilizishika kwa mkono tu, nikashusha gari, ndipo nikazikaza kabisa likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba inabaki imesokotwa kila gari linapokaa kawaida, nayo inachanika mapema. Baada ya safari ya kwanza nilizipitia zote kwa spana. Za chini hazikusogea, moja ya juu ikakubali kukazwa kidogo zaidi.